Kwa Nini Hawakuja Kuonyesha Ngozi Zao

Vijana wa dispanserini mmeniomba niandike juu ya miaka yangu ya kazi. Mmoja wenu akaniuliza hasa kwa nini watu wa hapa Kindu hawaji kuangaliwa ngozi kabla hawajaumwa. Aliuliza kwa adabu, kisha akajijibu mwenyewe: "Ni kukosa kuelewa, mama, sivyo?" Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Kama ningemjibu kwa mdomo siku ile, angenikimbia.

Vyeo vyangu sitavieleza, havijazi mstari mmoja. Nitaeleza kazi. Na kwa kuwa siku hizi midomo imefunguliwa kidogo, nitataja pia mambo tuliyokuwa tunayasema jikoni tu, maji yakichemka kwa kelele.

Nilianza uuguzi nikiwa msichana, wakati nchi imekwisha kubadilishwa jina na sisi tunabadilishiwa majina pamoja nayo. Nyumbani, mtaani Mikelenge, niliitwa Mariamu, jina la bibi yangu. Kazini nikaambiwa jina hilo ni la kigeni, nichague la kizaire, nikachagua Feza. Bibi alicheka sana. Alisema hata neno feza lililetwa na Waarabu, lakini hawa mabwana hawajui, tuwaache.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Papa Asumani, mwuguzi mzee wa magonjwa ya ngozi. Ujana wake aliumaliza kwa miguu, akitafuta wagonjwa wa ukoma vijijini Kailo na Kibombo. Pale kwetu alikuwa na chumba kimoja mwisho wa baraza, chenye dirisha kubwa upande wa mashariki na mlango wenye komeo kwa ndani. Vyombo vyake vilikuwa bakuli la maji ya moto, unyoya wa kuku, lupu ya kukuzia vitu, na kikwembe, yaani kitenge cha kujifunika, safi, kilichokunjwa juu ya kitanda.

"Njo weye mupya?" aliniuliza.

"Ndiyo, papa."

"Muzuri. Muntu akiingia, musalimie. Uliza habari ya watoto wake, ya shamba yake. Kisha umupe kikwembe, ugeuke, uangalie ukuta. Ule ukuta niko naujua kuliko muke wangu."

Maji ya moto yalikuwa ya kupasha mikono yetu kabla ya kumgusa mtu. Unyoya ulikuwa wa kupitisha juu ya baka, kujua kama ngozi bado inasikia au imekufa ganzi. Wale waliozaliwa bila rangi, maalbinosi, aliwaangalia kwa namna yake. Alinifunga macho kwa kitambaa, akaweka kidole changu kwenye kipaji cha uso wa mama mmoja, akakisogeza polepole hadi penye mkwaruzo kama wa msasa.

"Unasikia? Njo hapo. Macho yako haiwezi kuiona leo. Ukiiacha, mwaka ujao kila muntu ataiona."

Kutoka hapo nikajua pa kutafuta: kipaji, ncha za masikio, mdomo wa chini, kisogo, migongo ya mikono. Jua linaanza huko. Kinachoanza kama mkwaruzo kinaweza kuwa kidonda kisichopona, na kidonda hicho kina jina ambalo hakuna anayependa kulisikia. Kikikatwa mapema, mtu anarudi nyumbani na mshono mdogo. Kikiachwa, kinakula.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa wewe uliyejijibu mwenyewe. Watu walikuja. Waliketi kwenye baraza ya Papa Asumani tangu asubuhi. Wengine walivuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli, na watoto wao wamefunikwa vikwembe hadi puani. Hakuna aliyewapigia kengele, wala hakuna aliyewafundisha neno la Kifaransa la kuzuia magonjwa. Walikuja kwa sababu walipokelewa kama watu.

Miongoni mwao walikuwa Mauwa na mdogo wake Saleh, wote wawili maalbinosi, watoto wa Mama Anifa wa Alunguli. Mauwa aliuza mchele wa Kibombo sokoni. Alikuwa na ulimi mkali, na hakuna mteja aliyemdanganya kipimo mara ya pili. Saleh alipiga ngoma. Alipiga arusini, alipiga kwenye maulidi, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kiasi kwamba Papa Asumani, akimwangalia mikono, alikuwa anasahau ugonjwa na kuanza kuuliza habari za ngoma.

Papa Asumani alipostaafu alirudi Kibombo kulima mpunga. Aliniachia lupu na chumba. Lupu nilibaki nayo.

Mkuu mpya wa dispanseri alikuwa Sitwayeni Kabemba; sitwayeni, yaani mwananchi, ndivyo tulivyoamriwa kuitana. Alikuwa pia mkubwa wa kamati ya Chama pale kazini, kwa sababu kila mahali pa kazi palikuwa na kamati, na kila kamati ilihitaji chumba. Nadhani mmekwisha kuelewa ni chumba gani kilichukuliwa. Dirisha zuri, mlango wenye komeo. Waliingiza viti na bendera, wakatundika picha ya Raisi mahali pa ule ukuta aliouzoea mzee wangu. Kitanda changu kilitolewa nje, kikawekwa uani chini ya ukingo wa paa. Nilipouliza nitawaangalia wapi watu, Kabemba alisema uani kuna mwanga wa kutosha.

Mwaka huohuo akatangaza kampeni kubwa ya ngozi. Gari lilizunguka mjini na kipaza sauti: ndundu wote waje Jumamosi baada ya salongo. Ndundu! Neno ambalo watoto walikuwa wanawatupia maalbinosi pamoja na mawe, sasa lilitoka kwenye gari la serikali. Na baada ya salongo, yaani baada ya kulimishwa barabara asubuhi yote, jua kichwani, ndipo waje kuambiwa wasikae juani. Nilimwambia. Akasema ratiba imekwisha kutoka.

Walikuja hata hivyo. Hilo linaniuma mpaka leo. Walikuja, wamekaa kwenye vumbi la uani, nyuso nyekundu, na ukuta wa uani ulikuwa mfupi, watoto wa shule wamepanda juu yake kama kunguru. Alikuwapo pia mgeni wa cheo kutoka Bukavu, amevaa abakosti, ile suti ya Chama isiyo na tai, anapepewa.

Mauwa aliitwa wa kwanza. Alikuwa amejitanda mtandio, kama mwanamke yeyote wa nyumba ya Kiislamu. Nikafungua kikwembe, nikakishika kwa mikono miwili mbele yake kama pazia, ili avue akiwa amesitiriwa. Kabemba alikuja akakivuta.

"Tunaficha nini? Hii ni kazi ya wananchi."

"Tunaficha mwili wa muntu, sitwayeni," nilisema.

"Ingia ndani upange dawa."

"Siendi ndani."

Hakubishana nami. Alimgeukia Mauwa, akamvua mtandio kwa mkono wake, akamgeuza kichwa kwa rula, huku na huku, akimweleza mgeni. Watoto juu ya ukuta waliimba lile neno. Saleh alikuwa nyuma yake kwenye mstari. Nilimwona anafunga kifungo cha juu cha shati, kile alichokuwa amekwisha kukifungua. Mauwa alichukua mtandio wake mkononi mwa Kabemba, akaufunga taratibu, akaondoka na mdogo wake. Mstari wote ukawafuata.

Kampeni iliyofuata hakuja mtu. Kwenye mkutano Kabemba alisimama akasema umma bado uko gizani, hauelewi faida ya kinga. Wote wakatikisa vichwa kwa huruma. Nilisema kwa sauti kwamba umma hauna chumba. Katibu alikohoa, wakapita kwenye jambo lingine.

Siku moja nikiwa sokoni kununua mchele, nzi alitua kwenye mtandio wa Mauwa, karibu na sikio. Akamfukuza. Nzi akarudi palepale. Mwuguzi yeyote anajua nzi anatafuta nini.

"Mauwa, iko nini hapo?"

"Iko mchele, dada Feza. Unataka vipimo ngapi?"

"Mauwa."

Alisawazisha mchele kwenye beseni kwa kiganja. "Kidonda. Kimekuja na mvua ya kwanza, hakiendi."

"Juu ya nini hukuja kuniona?"

"Kukuona wapi? Pale uani?" Alicheka bila furaha. "Munasema sisi tunaogopa ugonjwa. Ugonjwa niko naujua tangu nizaliwe. Naogopa ninyi."

Aliendelea kusawazisha mchele. "Na kisha munganga ananiambia, Mauwa, usikae kwa jua. Muzuri. Asubuhi bendera inapanda, nasimama kwa jua. Jumamosi salongo, niko kwa jua. Mukubwa anakuja na ndege, tunapelekwa kumuchezea saa sita, kwa jua. Saleh wanamuweka mbele na ngoma yake, kichwa wazi, juu kofia inaharibu uniforme. Yule anayesema tutoke kwa jua na yule anayetuweka kwa jua, njo muntu mumoja! Sasa niende nimuambie nini?"

Kesho yake alfajiri nilivuka mto. Mama Anifa alituacha kwenye uzio wa bafu nyuma ya nyumba, hapana paa, mwanga mweupe wa asubuhi. Nilipasha mikono. Kidonda kilikuwa mbele ya sikio, kingo zake ngumu zimeinuka, katikati panatoa damu ukigusa. Nilipapasa shingo kutafuta tezi, sikuzikuta. Nilimwambia ukweli: kinakatika, lakini si cha kungojea mvua nyingine.

Tulikuwa na daktari kijana, Kalala, mikono mizuri, mwoga wa wakubwa. Alikubali kumkata mara moja. Kabemba akakataa. Mgonjwa huyu, alisema, alisusia kampeni ya serikali. Apite kwanza uani apimwe kama wenzake. Alitaka Mauwa arudi palepale alipovuliwa mtandio. Ndipo nilipofanya jambo ambalo mmelisikia kwa maneno mengi ya uongo, kwamba nilimpiga mkuu, kwamba nilishusha picha ya Raisi. Sikumpiga mtu. Nilimshika Mauwa mkono, nikaingia naye kwenye chumba cha Chama, nikamwambia Daktari Kalala aingie na sinia yake ya vyombo, na nikasukuma komeo.

Kabemba aligonga, kisha akapiga mateke. "Feza! Unajua hii ni ofisi ya nani?"

"Ya wagonjwa wa ngozi!" nilipiga kelele. "Tangu zamani!"

Kalala alikuwa anatoka jasho. "Mama Feza, watatufunga."

"Watatufunga ukimaliza. Choma sindano ya ganzi."

Akachoma. Kisha akaanza kukata. Nilishika kichwa cha Mauwa kwa viganja viwili. Nje mateke yaliendelea, na yeye, ganzi imemwingia shavuni, mdomo umekwenda upande, aliniambia, "Muambie mulango ni ya serikali, asiivunje." Kalala alicheka hadi akalazimika kusimama kidogo na kisu chake.

Kilitoka chote na kipande cha sikio. Mahali pake palipona.

Mimi nikahamishiwa Lubutu. Barabara yenyewe ilikuwa adhabu tosha. Lori lilizama kwenye matope kila tulipoanza kulisahau. Huko nilifanya kazi na watu wazuri, nikajifunza vidonda vya msituni, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Chumba cha dirisha kilirudishiwa viti na bendera. Kalala alionywa, akaacha kuangalia ngozi. Kitanda kikabaki uani, na Kabemba akaendelea kusema mikutanoni kwamba watu hawaji.

Niliporudishwa Kindu nilikwenda Alunguli kabla sijafungua masanduku yangu. Saleh alikuwa amelala kwa ubavu, hawezi kulala chali. Kidonda kilikuwa kisogoni, pale jua la uwanja wa ndege lilipokuwa linampiga akiinamia ngoma. Shingo ilikuwa imevimba upande mmoja, ngumu kama jiwe. Niliosha, nikabadilisha kitambaa. Hakuna lingine la kufanya, na alilijua.

"Mauwa alikuambia uende ukaangaliwe," nilisema.

"Kila siku aliniambia. Lakini weye hukuwapo." Alipumzika. "Dada Feza, usikubali waseme niliogopa kisu. Walisema, toa kofia, upige ngoma. Nikatoa. Walisema, toa shati mbele ya batoto ya masomo. Ile hapana. Muntu anabaki na kitu kimoja."

Alikufa kabla ya mwezi kuandama. Vidole vyake vilibaki vyepesi mpaka mwisho, vinagonga ubao wa kitanda.

Kwenye matanga Kabemba alikuja na ujumbe, kwa sababu Saleh alikuwa mpiga ngoma wa Chama na wakubwa walipenda kuonekana. Wanaume walikuwa upande wao, sisi wanawake upande wetu kwenye mikeka. Akasimama, akarekebisha kola.

"Sitwayeni Saleh ametutoka kwa kukosa kinga. Dispanseri ilikuwa wazi. Huduma ilikuwapo. Lakini watu wetu bado hawajaelewa..."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nimesimama katikati ya mikeka, miguu mitupu.

"Alielewa!" nilisema. "Alielewa vizuri sana. Alikuelewa weye!"

Hakuna aliyekohoa. Kabemba aliangalia upande wa wanaume atafute wa kumsaidia, na kila mwanaume alikuwa na kazi ya kuangalia vidole vya miguu yake. Mauwa alisimama kando yangu. Kabemba akamaliza kwa kusema Mungu amrehemu, akaondoka na ujumbe wake kabla chakula hakijaletwa. Hawakunihamisha tena. Nafikiri hawakutaka mtu aulize sababu. Baadaye yeye ndiye aliyepandishwa cheo, akaenda Kinshasa. Nilisema sitaeleza vyeo vyangu. Hicho chake nimekitaja kwa makusudi.

Usiku wa matanga nililala palepale, na asubuhi Mama Anifa, mama wa Saleh, akaniita chumbani kwake. Alikuwa amefungua dirisha na kutandika kikwembe kipya kitandani. Nje ya mlango walijipanga wajukuu wake wote. Mmoja tu kati yao alizaliwa bila rangi, kasichana kanaitwa Tabu, binti wa kaka yake Mauwa.

"Utawaangalia wote," alisema Mama Anifa.

"Mama, hawa wengine ngozi yao haina shida. Tabu tu njo anahitaji."

"Ukimuita Tabu peke yake, kesho watamucheka. Wote ni wajukuu wangu. Angalia wote."

Niliwaangalia wote, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Vijana weusi tititi walivua mashati kwa majivuno, wakanionyesha makovu ya mpira. Tabu aliingia katikati yao, hakuna aliyemgeukia. Aliinua kidevu mwenyewe. Nilifumba macho, nikapitisha kidole kwenye kipaji, masikio, mdomo, kisogo. Juu ya sikio la kushoto nikasikia msasa.

"Iko kitu kidogo," nilimwambia. "Kitatoka, hutalia."

"Nitalia kidogo," alisema.

Kilitoka. Leo Tabu ni mwalimu Kailo, anafundisha darasa na kofia kubwa kichwani, na mkurugenzi wa shule yake hathubutu kumwambia aivue.

Wajukuu walipokwisha nilianza kukunja kikwembe. Mama Anifa akanishika mkono.

"Bado mumoja."

"Nani, mama?"

"Weye. Kitambo unaangalia watu. Weye nani anakuangalia? Vua blauzi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanipa kikwembe, akageuka ukutani akangoja. Nilifungua kifungo cha kwanza, na ninyi mnaoniuliza juu ya watu na kuelewa kwao, jueni kwamba mikono yangu ilikataa cha pili. Mwanamke mzima, mwuguzi, chumbani kwa mama ninayemheshimu, mlango umefungwa. Niliwaza kovu langu la moto chini ya bega, ambalo hata mume wangu hakuwahi kuliuliza. Niliwaza kama ningekuwa uani.

"Niko nangoja," alisema Mama Anifa, bila kugeuka. "Sina haraka."

Nikavua. Aliusogelea mgongo wangu hadi nikasikia pumzi yake, akaupapasa wote kwa kidole kimoja, polepole, akasimama penye kovu, akaendelea.

"Hakuna kitu," alisema. "Vaa, mwanangu."